Anzeni na mlango mdogo: hotuba kwa wenzangu wa usalama wa mtandao mlioko Ulaya

Shikamooni wale mlionizidi umri, na wenzangu wote hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuamua kwamba leo tuzungumze kwa Kiswahili. Miaka yote hii fomu za Umoja wa Ulaya nimezijaza kwa Kiingereza na mhasibu nimezungumza naye kwa Kiholanzi. Mara nyingi nimetamani mtu wa kukaa naye mezani, nimuoneshe kifungu kwa kidole na kumuuliza: hivi hapa wanataka nini hasa?

Leo nazungumzia ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kampuni ndogo kama zetu, lakini nianze na taa ya kijani.

Kabla sijawa na kampuni nilikuwa fundi wa kompyuta, natengeneza mitandao ya ofisi ndogondogo huku Uholanzi. Asubuhi moja nikaitwa kwa daktari wa meno. Mafaili yake yote ya wagonjwa yalikuwa yametekwa na programu ya kudai fidia. Picha za meno, miadi, ankara, vyote vimefungwa. Yeye hakuwa na wasiwasi mkubwa. Akaniambia bekapu ipo. Chini ya meza ya mapokezi kulikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani, na kila asubuhi msaidizi wake alikuwa anainama kuitazama ile taa kabla ya kufungua mlango. Nikachomoa diski, nikaichomeka kwenye laptopu yangu. Folda ya mwisho ilikuwa ya miezi 14 nyuma. Diski ilijaa zamani. Programu iliendelea kuandika "imekamilika" kila usiku kwa sababu ilipima kama kazi imeanza na imeisha, haikupima kama kuna kitu kimehifadhiwa. Yule daktari alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akawa anaitazama ile taa. Ilikuwa bado ya kijani.

Kampuni yetu ilizaliwa hapo. Tupo watu wanne, na tunachofanya ni kimoja: kila usiku programu yetu inachukua mafaili machache kutoka kwenye bekapu ya mteja, inayarejesha kwenye mashine ya pembeni, na inayalinganisha na yale ya asili. Yasipolingana, mtu anapigiwa simu.

Nilidhani nitauza kama maandazi ya asubuhi. Nilizunguka kliniki baada ya kliniki, wote wakanisikiliza vizuri, wakanipa kahawa, na hawakununua. Sote tunasema kinga ni bora kuliko tiba, lakini bomba likipasuka mtu anamlipa fundi bomba siku hiyo hiyo, wakati bekapu iliyo salama haimuumizi mtu yeyote, basi atailipia kwa nini? Hili ndilo tatizo la biashara yetu sote mliomo humu. Siku ambayo kazi yako imefanikiwa kabisa, mteja haoni chochote.

Ndiyo maana fedha za umma zinaingia hapa, na nataka mlielewe hili kabla hatujagusa fomu hata moja. Umoja wa Ulaya hautoi ruzuku kwa sababu unatuhurumia sisi wadogo. Unalipia kazi ambayo wote wanaihitaji lakini kila mmoja anasubiri mwenzake ailipie. Kumbukeni Ireland. Tarehe 18 Machi 2021 mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya taifa alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Wavamizi wakakaa ndani kimya wiki nane. Tarehe 14 Mei wakaufunga mfumo, na huduma nzima ikalazimika kuzima kompyuta zake nchi nzima; madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Ufunguo wa kufungua mafaili ulipatikana baada ya siku chache, wavamizi wenyewe waliutoa, na bado iliwachukua takriban miezi minne kurudisha kila kitu. Kufungua kufuli si kazi kubwa kama kujua kipi kilicho kizima, kipi kimeharibika na kipi kirudi kwanza.

Baada ya matukio kama hayo sheria zikabana. Direktivu ya NIS2, yaani agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa mtandao kwenye huduma muhimu, ilitaka nchi wanachama ziwe zimeiingiza kwenye sheria zao ifikapo tarehe 17 Oktoba 2024. Kisha ikaja sheria ya ustahimilivu wa kimtandao, hii wanayoiita CRA, inayogusa karibu kila bidhaa yenye programu ndani yake inayouzwa Ulaya. Majukumu yake makuu yanaanza tarehe 11 Desemba 2027, lakini wajibu wa kuripoti udhaifu unaotumiwa na wavamizi unaanza mapema, tarehe 11 Septemba 2026, na taarifa ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24. Wenye kampuni za programu, hii inawahusu ninyi kama wauzaji, msije mkaisoma kama tatizo la wateja wenu tu. Lakini isomeni pia kama soko. Yule daktari wa meno hakununua kwangu kwa hiari. Wale wanaowauzia hospitali vifaa watalazimika kutafuta watu kama sisi.

Sasa fedha zenyewe.

Tulipoanza, mpango mkubwa wa Ulaya wa kufadhili utafiti na ubunifu ulikuwa Horizon 2020, na ndani yake kulikuwa na mlango ulioitwa SME Instrument, wa biashara ndogo na za kati. Kwa hesabu za Umoja wa Ulaya, kampuni yenye watu chini ya 250, na mauzo yasiyozidi yuro milioni 50 au mizania isiyozidi milioni 43, bado inahesabiwa humo. Kwa hiyo msidhani neno "ndogo" linamaanisha ninyi peke yenu. Mnashindana na kampuni zenye mwanasheria wao wa kudumu. Awamu ya kwanza ilitoa yuro 50,000 za jumla kwa ajili ya upembuzi yakinifu. Kurasa 10, watathmini wanne, na kizingiti alama 13 kati ya 15. Tuliandika, tukaanguka. Karatasi ya majibu ilikuwa fupi, na sentensi moja niliikata kwa mkasi nikaibandika juu ya dawati langu: haijaoneshwa kwa ushawishi nani atalipa. Niliumia, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikuwa nimejaza kurasa sita kueleza usimbaji fiche na nusu ukurasa kueleza mteja.

Mlango ule wa 50,000 ulifungwa mwaka 2019. Mpango uliofuata, Horizon Europe, ulioanza 2021 na kuishia 2027, una mlango wake mkubwa kwa kampuni moja moja, EIC Accelerator wa Baraza la Ubunifu la Ulaya (EIC), wenye ruzuku inayofikia yuro milioni 2.5, na uwekezaji wa hisa juu yake kwa anayetaka. Unaanza na andiko fupi la ombi, slaidi, na video ya dakika 3. Ukivuka hapo unaandika andiko kamili. Ukivuka tena unakwenda mbele ya jopo. Vijana wengi wakija kwangu wanaanza kwa kuutaja huu. Mimi nawaambia subirini, na sababu yangu ni hesabu.

Ruzuku ya EIC inalipa asilimia 70 ya gharama zinazokubalika. Chukua mradi wa yuro 1,200,000 wa miezi 24. Wao watatoa 840,000. Zilizobaki, 360,000, ni zako. Gawanya kwa 24: kila mwezi, kwa miaka miwili, utafute yuro 15,000 kutoka mahali pengine, na mahali penyewe pasiwe ruzuku nyingine ya Ulaya kwa gharama zile zile. Kampuni ya watu wanne, jamani! Hapo bado. Mwanzoni unapewa malipo ya awali, na kutoka humo kuna kiasi kinakatwa kwenda kwenye mfuko wa bima ya pamoja, utakirudishiwa mwisho. Fedha zinazofuata zinakuja baada ya ripoti, na wana siku 90 za kulipa tangu ripoti ifike. Wakiuliza swali, saa inasimama mpaka ujibu. Mshahara wa kijana wako hausubiri siku 90. Mwenye nyumba hasubiri.

Nimeona kampuni ya rafiki yangu, mtu hodari kunizidi, ikifungwa huku barua ya ushindi ikiwa imening'inizwa ukutani. Alikuwa na wateja 11 waliokuwa wanamlipa kila mwezi. Aliwaacha mmoja mmoja ili timu yake ipate muda wa mradi mkubwa. Malipo ya pili yalichelewa kwa sababu ripoti ilirudishwa kurekebishwa, na wakati huo wale wateja walikwishakwenda kwa mtu mwingine. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha mbacha wake kwa msala uliokuwa na nembo nzuri sana.

Kwa hiyo mlango ninaoutetea ni mdogo, na nitakaa nao kidogo.

Pale Amsterdam kuna taasisi inaitwa NLnet. Ilitokana na watu walioleta intaneti Uholanzi. Biashara ya huduma za intaneti iliuzwa mwaka 1997, na fedha zile zikawa mtaji wa kusaidia teknolojia ya wazi. Tangu 2018 Tume ya Ulaya imekuwa na mpango uitwao Next Generation Internet, na sehemu ya fedha zake zinagawiwa kupitia NLnet kwa vipande vidogo: ombi la kwanza ni kati ya yuro 5,000 na 50,000. Fomu ni fupi kiasi kwamba unaweza kuimaliza Jumamosi moja. Hawakuulizi mauzo yako ya miaka mitatu ijayo. Wanauliza unataka kujenga nini, nani mwingine amejaribu, wewe umefanya nini huko nyuma, na fedha utazigawa vipi kwenye kazi. Hata mtu mmoja asiye na kampuni anaruhusiwa kuomba. Sharti kubwa ni kwamba kitakachotengenezwa kitolewe kama programu huria, kila mtu aweze kukisoma na kukitumia. Unalipwa kila hatua inapokamilika, kwa hiyo ukizikata hatua ndogondogo fedha zinakuja ndogondogo lakini zinakuja. Na kuna msaada wa wataalamu wa kuukagua msimbo wako kiusalama, jambo ambalo kwa bei ya sokoni wengi wetu humu hatuliwezi. WireGuard, programu ya VPN ya kusimba mawasiliano, ambayo nina hakika nusu yenu mnaitumia kwenye simu mlizoshika sasa hivi, ni miongoni mwa kazi zilizopata msaada wa NLnet.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nililiuliza mwenyewe: nikitoa msimbo wangu bure, nitauza nini? Sisi tulikata programu vipande viwili. Kile kinachosoma bekapu za aina mbalimbali na kulinganisha mafaili tukakifanya huria, na tulipata ruzuku ndogo ya aina hii kukikamilisha. Kinachobaki chetu ni huduma: yule mtu anayepiga simu saa 11 alfajiri kukuambia diski yako imejaa. Kilichotokea sikukitegemea. Fundi mmoja wa hospitali nchini Ureno, ambaye hatujawahi kuonana naye, alikikuta kile kipande, akakijaribu, akatuandikia kwamba kinashindwa kwenye majina ya mafaili yenye herufi za Kireno. Tukakitengeneza. Baada ya miezi michache hospitali yake ikawa mteja wetu mkubwa kuliko wote. Na nilipoandika andiko lililofuata, pale walipouliza nani atalipa, nilikuwa na ankara.

Niwaambie ukweli pia kwamba hata mlango huu hauna bawabu wa milele. Mwaka 2024 mashirika mengi ya programu huria yalitoa barua ya wazi kwa sababu rasimu ya mpango wa ufadhili wa mwaka uliofuata haikuutaja tena mpango wa Next Generation Internet. Miito inafunguliwa na kufungwa. Someni ukurasa wa taasisi yenyewe kabla ya kupanga mwaka wenu.

Mlango wa kati upo, na haujulikani vya kutosha. Kuna kituo cha Ulaya cha umahiri wa usalama wa mtandao, ECCC, makao yake Bucharest, kilichoundwa kwa kanuni ya mwaka 2021. Kila nchi mwanachama ina kituo chake cha uratibu kinachoshirikiana nacho. Hapa Uholanzi kiko ndani ya RVO, wakala wa serikali wa kusaidia biashara, Ubelgiji kiko kwenye Centre for Cybersecurity Belgium. Vituo hivi huweza kupokea fedha kutoka Bucharest na kuzigawa kwa biashara ndogo kwa mafungu ambayo kwa kawaida hayazidi yuro 60,000. Wafanyakazi wake wanapokea simu. Pigeni. Mimi nilikaa miaka miwili nikisoma nyaraka za kurasa 200 usiku, kumbe majibu yangu yalikuwa umbali wa simu moja.

Fedha za Bucharest zinatoka kwenye mpango wa Digital Europe, ule wa Ulaya wa kueneza teknolojia ya kidijitali, na hapo kuna jambo linalotugusa sisi wageni kuliko Mholanzi yeyote. Miito mingi ya usalama humo imefungwa kwa kampuni zilizoko Ulaya na zisizodhibitiwa na mtu wa nje. Utajaza tamko la umiliki: kila mwanahisa, nchi yake, asilimia yake, na nani mwenye sauti ya mwisho. Mimi kaka yangu wa Dar es Salaam ndiye aliyenipa fedha za kuanzia. Aliuza kiwanja. Tukaandikiana hisa kwa moyo mweupe, 50 kwa 50, kama ndugu. Miaka mitano baadaye ile nusu ikageuka swali: kampuni hii inadhibitiwa na nani? Nilimpigia usiku, nikawa natafuta maneno. Ndugu yako kauza kiwanja kwa ajili yako, utamwambiaje kwamba jina lake kwenye karatasi ni kikwazo? Akaniambia, "Dada, mimi nilikupa wewe, sikuipa karatasi." Tulibadilisha mgawanyo kwa mwanasheria, na deni lake tukaliandika kama mkopo. Tungefanya hivyo tangu siku ya kwanza tungeokoa miezi minne na machozi. Kama mna fedha za nyumbani ndani ya kampuni, kaeni na mwanasheria kabla ya kuandika neno lolote.

Upande wa Horizon Europe hali ni tofauti. Katika miradi mingi ya ushirikiano, taasisi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo zinaweza kuwa mshirika na kulipwa moja kwa moja, wito usiposema vinginevyo. Muungano unahitaji angalau taasisi tatu huru kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au zilizojiunga na mpango, mojawapo ikiwa ya nchi mwanachama. Wa nyumbani anaongezeka juu ya hao. Benki za simu za kwetu zimeona aina za utapeli ambazo Ulaya inaanza kuzizoea sasa. Mhadhiri anayechunguza utapeli wa namba za siri Nairobi au Dar ana data na uzoefu ambao mshirika wa Munich hana. Msimtafute kama pambo la andiko. Mpeni kazi yenye bajeti na jina lake.

Kuhusu washauri wa kuandika maandiko, sitasema mengi. Kuna wazuri. Tulimpata mmoja ambaye alitaka asilimia ya ruzuku tukishinda, akatuletea andiko lenye maneno mazuri kuliko yetu, na mimi mwenyewe niliposoma sikuiona kliniki, sikuiona diski, sikuiona ile taa. Tulishindwa. Tangu hapo ninaandika mwenyewe, halafu nampa mtu anisahihishie Kiingereza.

Mwisho, makaratasi, kwa wale watakaoshinda. Horizon Europe inahesabu kazi kwa siku, na kila mwezi mfanyakazi anasaini tamko la siku alizofanya kwenye mradi, na msimamizi wake anasaini. Sainini mwezi ule ule. Mkaguzi anaweza kuja hadi miaka miwili baada ya malipo ya mwisho, na tamko la Machi lililosainiwa Novemba linaonekana. Gharama zisizo za moja kwa moja, yaani pango, umeme, mhasibu, Horizon inaziongezea kwa asilimia 25 ya zile za moja kwa moja, lakini Digital Europe ni 7 tu. Andiko lililonakiliwa kutoka mpango mmoja kwenda mwingine hufia hapo. Na mwenye kampuni asiyejilipa mshahara asijiandike sifuri. Kuna kiwango maalumu cha wenye kampuni ndogo. Kazi yako wewe ina bei. Kina mama hasa, nawaomba, msiifanye iwe ya bure.

Nimeambiwa ukumbi ni wetu hadi saa nne usiku. NLnet kwa kawaida hupokea maombi kila baada ya miezi miwili, siku ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana. Nitakaa meza ile ya nyuma, karibu na soketi. Mwenye andiko nusu alilete, na tufungue kwanza ukurasa wa bajeti.